Kikapu Kilichosimama Kwenye Kiti Changu

Kwa Shemeji,
Kaka Mkubwa na Msemaji wa Familia ya Wakwe Zangu.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KIKAPU CHA MPIRA KILICHOPO, NA KISICHOKUWEPO, SEBULENI KWANGU

Shemeji yangu mpendwa,

Salaam nyingi. Sisi hapa ni wazima, ukiacha hayo nitakayoyaeleza. Natumaini nawe na wote wa nyumbani kwako hamjambo. Dada yako anakusalimu, ingawa hajui kwamba nakuandikia. Anadhani najibu barua ya chama cha wastaafu.

Husika na kichwa hicho cha habari hapo juu, maana mimi kimekwishanihusu kupita kiasi. Ningeweza kukupigia simu, lakini ukuta wa nyumba hii ni mwembamba na masikio ya mama ni mazima kabisa. Tena haya si mambo ya kusemwa kwa mdomo. Mimi ni mkwe. Mkwe hamwambii mama mkwe wake, "Niondolee kikapu chako kwenye kiti changu." Mkwe humwandikia kaka mkubwa, na kaka mkubwa hujua la kufanya. Ndiyo kazi ya kuzaliwa wa kwanza.

Nianze tulikotoka. Mama aliposhikwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalala, tulikaa kwako sote tukakubaliana aje kwetu, kwa kuwa hospitali ya mazoezi ya viungo iko karibu na hapa. Nilikubali kwa moyo mweupe na bado nakubali. Mtu asije akaisoma barua hii akasema namkataa mama. Mama akae hapa mpaka nyumba yenyewe ichoke. Daktari wa mazoezi alisema vidole vinahitaji kazi kila siku, akampa kijipira cha sponji awe anakifinya. Mama alikifinya kwa adabu mbele ya daktari, na alipofika nyumbani akakiweka dirishani, akasema yeye si mtoto mchanga. Ndipo wewe, kwa nia njema isiyo na shaka, ukaleta tableti yenye mchezo wa kutupa mipira.

Kwa kuwa uliileta na kuondoka siku hiyohiyo, huenda hujui ulichotuletea. Nitakueleza. Mtu anaishika tableti kwa mkono mmoja, anaielekeza sebuleni, na kamera inamwonyesha sebule ileile: zulia, meza, kabati la vyombo, mimi. Kisha anagusa mahali anapopataka, na hapo, ndani ya kioo, kinachomoza kikapu cha mpira, nguzo na ringi na wavu wake, kimesimama katikati ya vitu vyetu kana kwamba kililetwa na fundi. Mtu anausukuma mpira kwa kidole, unaruka, unadunda juu ya zulia letu wenyewe, na ukiingia inalia kengele. Ukiiweka tableti chini, kikapu hakipo. Hilo la mwisho, shemeji, ndilo ninalotaka nyumba hii ilielewe, na nimeshindwa.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kiti.

Mchezo huu unataka mwanga. Mama alipojaribu kukiweka kikapu karibu na mlango, tableti iliandika kwamba haioni sakafu, atafute penye mwanga zaidi. Karibu na kabati, ikaandika vilevile. Penye mwanga katika sebule yetu ni mahali pamoja tu, dirishani, pale kilipo kiti changu cha mikono. Kiti hiki nilikinunua siku niliyostaafu, na ndicho kitu pekee ndani ya nyumba hii ambacho dada yako hajawahi kukihamisha. Kikapu kikachomoza hapohapo, nguzo katikati ya mto.

Mimi nilikuwa nimekaa.

Mama aliitazama tableti, akanitazama mimi, akaitazama tena. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba nguzo ilikuwa imetokeza kifuani mwangu na ringi iko juu ya kichwa. Unamjua mama yako. Aliishusha tableti taratibu, akajifunika shali magotini, akatazama chini. Mama mkwe hawezi kumrushia mkwewe mpira wa tumbo, hata kama mpira wenyewe haupo. Na mimi nikafahamu kwamba nikiendelea kukaa pale, vidole havitafanya kazi siku hiyo. Nikainuka, nikasema nakwenda kunyoosha miguu. Tangu siku hiyo sijakaa tena.

Gazeti nalisomea jikoni, juu ya kigoda, na dada yako ananiruka kila anapofuata chumvi.

2. Kikapu kutoondoka tableti ikizimwa.

Ningevumilia kama kingekuwa kinaondoka. Hakiondoki. Dada yako akifagia, anapita kando yake. Akibeba sinia la chai, anazunguka nyuma ya meza, njia ndefu, ili asikigonge. Mchana mmoja mama alikuwa amelala, tableti imezimwa iko kwenye chaji, nyumba kimya, nikasema basi leo, walau robo saa. Nilikuwa hata sijafika kwenye mto dada yako akatoka jikoni mbio, mikono imejaa unga, akaninong'oneza, "We mwanaume, utakaaje juu ya kikapu cha mama?"

Nikamwuliza kikapu gani. Akanyoosha kidole palipokuwa hapana kitu. Shemeji, nimeishi na dada yako miaka mingi, tumegombana mambo mengi, lakini siku zote tulikuwa tunagombania vitu vilivyopo.

Akaja fundi umeme kubadilisha taa ya dari, ambayo kwa bahati mbaya iko karibu na dirisha. Alipotaka kusimamisha ngazi, dada yako akamwambia asogee, hapo pana kikapu. Fundi alitazama. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari. Yule bwana aliitega ngazi yake mbali, akafanya kazi nzima amejinyoosha kama mtu anayechuma tunda la jirani, jasho linamtiririka. Wakati wa kuondoka alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama humu ndani tuna mgonjwa. Nikamjibu ndiyo, tuna mgonjwa wa mkono. Akasema pole sana, lakini hakuonekana kuridhika. Kwa kulinda heshima ya nyumba nikalazimika kumwonyesha tableti. Akarusha mipira mitatu, yote ikapotea. Kesho yake alirudi bila kuitwa, akidai amekuja kuhakikisha kama taa inawaka.

3. Refa.

Huyu ni jirani yetu wa mlango wa pili. Tunamwita Refa kwa sababu hajawahi kuona jambo lolote duniani akaliacha bila kulitolea uamuzi. Alisikia kengele kupitia ukutani, akabisha hodi kuuliza kama tumeanzisha shule. Sasa hakosi. Kila baada ya chakula cha mchana anaingia, anavua viatu, anauliza "Nani anaongoza?" kabla hata ya kusalimia. Sina ugomvi na Refa kuja. Nina ugomvi na Refa kukaa kwenye mkono wa kiti changu, eti kwa sababu mkono uko nje ya kikapu.

4. Upimaji.

Hili naliandika kwa uchungu. Unajua kazi yangu. Maisha yangu yote nimekuwa mpima ardhi, nimetembea kwenye jua na mvua nikiwawekea watu mipaka ili wasikatane mapanga. Sasa, mchezo huu una ugonjwa mmoja: jua likigeuka, kikapu nacho husogea. Asubuhi kiko kwenye mto wa kiti, alasiri kimeegemea dirisha. Mama akasema Refa anarushia karibu. Refa akasema haki ya Mungu, ni kikapu kilichomfuata yeye. Wakabishana, sauti zikapanda, na mara wote wawili wakanigeukia. Refa akasema, "Si tunaye mtaalamu hapa hapa?"

Ningesema nini? Watu wanagombea mpaka, mpima amesimama mbele yao. Nilikwenda chumbani nikatoa futi yangu, uzi na chaki. Nikapima. Nikawaita wahusika wote wawili washuhudie kila kona, kama ilivyo desturi ya kazi. Mama akaona chaki itafutika, akaomba rangi; nikapaka rangi, nyeupe, kona nne, safi kabisa, hata nikarudi nyuma kidogo kuzitazama. Nilipomaliza ndipo nilipogundua kwamba kwa vipimo vyangu mwenyewe, kwa mkono wangu mwenyewe, kiti changu chote kimo ndani ya eneo la kikapu, pamoja na kistuli cha miguu na nusu ya meza ya magazeti. Siwezi kupinga. Mpima anayepinga mipaka yake mwenyewe hafai hata kupima kitambaa cha suruali.

5. Mipira inayopotea.

Mpira ukikosa ringi hudunda na kubingirika, na mara nyingi huishia chini ya kabati la vyombo. Ndani ya kioo, namaanisha. Siku moja mama alisema, "Lo, umeingia uvunguni," nami nilikuwa napita. Nilikwishapiga magoti, nimeinamisha kichwa na mkono umefika chini ya kabati ndipo nikakumbuka. Mgongo wangu ulikuwa hauna taarifa kwamba mpira haupo. Ulilia kama kawaida yake. Wala hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Refa aliniuliza kama nimeuona.

Madhara yamevuka mipaka ya nyumba. Juzi nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa, dada mmoja mbele yangu akapitisha kidole kwenye simu yake kwa haraka, nikainama. Foleni nzima ikageuka. Nikajifanya nafunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa ndala.

Hapa niseme ukweli, usije ukaambiwa na wengine: mimi binafsi nimeujaribu mchezo huu mara chache, kwa ajili ya uchunguzi. Siwezi kulalamikia kitu nisichokijua. Katika uchunguzi huo nimeona kwamba kengele hailii inavyopaswa mpira unapogonga ringi kwanza kisha ukaingia, na kwamba kuna siku nilinyimwa pointi zangu mchana kweupe huku mama na Refa wakishuhudia. Hilo ni suala jingine na nitaliandikia barua yake.

6. Mabadiliko ya tabia ya mama.

Mama alipokuja kwetu alikuwa mama mkwe wa kupigiwa mfano. Tulikuwa tukikaa chumba kimoja, hatua chache kati yetu, na akitaka kuniambia jambo alimwambia dada yako: "Mwulize baba kama chai inamtosha." Nami nilimwambia dada yako amwambie mama kwamba inatosha, asante. Mambo yalikwenda kwa utaratibu. Hakuna aliyemkosea mwenzake kwa sababu hakuna aliyemfikia mwenzake.

Sasa ananisemesha moja kwa moja. Ananiambia, "Baba, sogea, unanikinga mwanga." Ananiambia, "Baba, leo umekunja uso, au ni zile mbili ulizokosa jana?" Refa akikosa, anamwambia pole mwanangu, labda ukikua. Yule bwana ana wajukuu! Mama akiipata ya mbali anapiga kigelegele, kisha anajishika mdomo kama msichana, anatazama mlangoni kuona nani kasikia. Majuzi alinitania mbele ya fundi umeme, ambaye kwa sasa amekuwa kama mtu wa nyumbani, kwamba nilipima mashamba ya watu wote lakini umbali wa kutoka kochini hadi dirishani umenishinda. Walicheka mpaka fundi akashika ukuta. Nami nilicheka, kwa adabu tu. Lakini nikuulize, shemeji, wewe kama msimamizi wa mila za familia: je, hii ni sawa?

7. Mkono.

Hili la mwisho ndilo lililonikalisha chini niandike. Hayo mengine ningeyameza.

Ulileta tableti kwa ajili ya mkono wa mama. Mimi na wewe tunajua mkono ule ulivyokuwa. Alipofika hapa alikuwa akiuficha chini ya shali kutwa nzima. Akitaka kukupa kitu alikupa kwa kushoto, na kila mara alisema, "Samahani kwa mkono wa kushoto." Kikombe, samahani. Kijiko, samahani. Akimrudishia dada yako kitana chake mwenyewe, mtoto wake wa kumzaa, samahani. Na mgeni akibisha hodi, mama alikuwa anajifanya ana usingizi, anaingia chumbani, kwa sababu mgeni atatoa mkono, na yeye ampe upi? Mwanamke aliyekuwa akipokea watu mlangoni kwake kwa mikono yote miwili. Unakumbuka.

Daktari wa mazoezi ameupima mkono mara mbili tangu mchezo uanze. Anasema vidole vinafunga na kufunguka, kiwiko kinanyooka, nguvu inarudi, na kwamba kwa upande wa dawa na mazoezi mkono uko tayari. Kilichobaki, anasema, ni mwenyewe.

Na mimi nimechunguza. Mama anasukuma mipira kwa kidole cha mkono wa kulia kutoka asubuhi hadi jioni. Kinakwenda kushoto, kulia, mbali, karibu, hakitetemeki kama zamani. Lakini akiiweka tableti chini, mkono unarudi kwenye shali. Mezani chumvi bado inakuja kwa kushoto, bado na samahani yake. Refa anapoingia anatoa mkono, mama anamjibu kwa kichwa. Na kila ikisemwa ile samahani, dada yako anainuka kwenda jikoni kutafuta kitu, na hicho kitu huchukua muda mrefu kupatikana.

Ndiyo maana nasema mchezo huu ni wa uongo. Umeuponya mkono ukauweka ndani ya kioo. Mipira isiyokuwepo inapata mkono wa kulia. Sisi tulio hai, wenye damu, tunaopika na kufua na kulala chini ya dari moja naye, tunapata wa kushoto. Kiti changu nimekitoa. Mgongo wangu nimeutoa. Jina langu pale duka la dawa nimelitoa. Nilitoa vyote nikidhani tunanunua mkono, na mkono haujaja. Imeniuma, shemeji, na sioni haya kukuambia kwamba imeniuma.

Kutokana na maelezo hayo, naomba kwa unyenyekevu yafuatayo:

(a) Uje uichukue tableti, uende nayo, mama arudi kwenye kijipira cha sponji ambacho walau kinashikika.

(b) Ikiwa hilo haliwezekani, uje wewe mwenyewe ukichukue kikapu ukakisimamishe sebuleni kwako, kwenye kiti chako, kama mtoto mkubwa wa kiume.

(c) Ikiwa hilo nalo haliwezekani, nipewe kibali cha maandishi, chenye sahihi yako, kinachoniruhusu kukaa kwenye kiti changu kwa saa zitakazokubaliwa, nami nikiwa nimekaa mama awe huru kunirushia mipira bila kuhesabiwa kwamba amenivunjia heshima. Nitakibandika ukutani.

(d) Refa apewe onyo.

(e) Ikiwa yote hayo yatashindikana, basi tafadhali tuletee chaja yenye waya mrefu, kwa sababu hii iliyopo inamlazimisha mama kukaa karibu na mlango, kuna upepo, na pointi za mwisho zinakatika njiani.

Nina hakika utaitazama barua hii kwa jicho la haki. Wasalimie wote walio chini ya paa lako, mkubwa kwa mdogo, na yule mfanyakazi mwenzako aliyekushauri ununue kitu hiki umsalimie pia, ila umwambie simpongezi.

Ni mimi shemeji yako, nikiandika juu ya kigoda, karibu na jiko,

Mume wa Dada Yako,
Mpima Ardhi (Mstaafu).

Nyongeza:

Shemeji, barua ilikuwa imekwisha na bahasha nimeifunga, lakini nimeifungua tena, kwa hiyo usishangae ukikuta imechanika pembeni.

Nilikwenda sebuleni kutafuta stempu. Mama alikuwa amemaliza kurusha, amenipita pointi kwa mbali, na furaha imempanda kichwani. Akainuka mwenyewe kochini, akanifuata pale kwenye droo, akasema, "Shika, baba, zamu yako. Leo utalia." Akanipa tableti. Amenipa kwa mkono wa kulia.

Hakusema samahani. Hakuwa na habari kabisa. Mawazo yake yote yalikuwa kwenye kunifunga. Tableti ile si nyepesi, na mkono ulikuwa unatetemeka, nami nilichelewa kidogo kuipokea. Si kwa ubaya, nilitaka kuutazama. Kisha nikaipokea kwa mikono miwili. Dada yako alikuwa amesimama mlangoni na sahani, akaona. Akageuka kwenda jikoni kama kawaida yake, lakini safari hii alirudi palepale, macho mekundu, akasema na yeye anataka zamu, ilhali hajawahi kuutaka mchezo huu hata siku moja.

Hatujamwambia mama kitu. Tukimwambia ataukumbuka mkono, na akiukumbuka ataurudisha kwenye shali. Refa naye aliona. Alifungua kinywa, nikamtazama, akakifunga. Ni mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Kwa hiyo tableti usije kuichukua. Maombi yangu ya (a) mpaka (d) uyafute, uhesabu kwamba sikuyaandika. Kikapu kikae pale kilipo, nilishakipimia. Chaja tu ndiyo uilete.

Na utakapoileta, njoo kama mgeni. Ubishe hodi, usiingie tu kama ulivyozoea. Tutamwacha mama afungue mlango. Akifungua, toa mkono wako, umtazame usoni, usiutazame wa kwake. Hata akichelewa, shemeji, usiuondoe.